Je, Mtoto Hana Budi Kujua Sarufi Ndipo Aandike Vema?

Mwalimu mmoja wa darasa la tano alituletea madaftari mawili, akatuuliza neno ambalo walimu wengi huliuliza. Daftari la kwanza lilikuwa la mazoezi ya sarufi, na ndani yake kijana mmoja alikuwa amepanga majina katika ngeli zake pasipo kosa hata moja: mti na miti, kiti na viti, jiwe na mawe, ukuta na kuta. Daftari la pili lilikuwa la insha, nalo ni la kijana yule yule. Aliambiwa aeleze safari yake ya kwenda kwa bibi yake, akaandika hivi: “Nilienda kwa bibi. Nilifika. Nilimwona bibi. Nilikula. Nililala. Nilirudi.” Hapana kosa la ngeli wala la herufi, lakini safari yenyewe haimo, na bibi hayumo. Mwalimu akasema, “Nimemfundisha sarufi mwaka mzima. Je, nimzidishie, ama nimempotezea wakati wake?”

Swali hili si dogo. Saa za somo la Kiswahili zina hesabu, na kila saa itumiwayo kukariri majina ya ngeli na ya nyakati ni saa iliyoondolewa katika kusoma na kuandika. Tena iko hasara iliyo kubwa kuliko ya saa. Mtoto aonaye daftari lake limejaa wino mwekundu kila juma hujifunza kuandika machache, maana aandikaye machache hukosa machache. Mwisho hudhani ya kuwa hana neno la kusema.

Kwanza yatupasa kutenga maana mbili zilizomo katika maneno haya, “kujua sarufi”. Iko sarufi ya sikio na ulimi, na iko sarufi ya kitabu. Mtoto wa Unguja asiyeanza shule bado husema “kiti kimevunjika” na “viti vimevunjika”. Ukimwambia “kiti umevunjika”, atakucheka. Kanuni anayo, ila jina la kanuni hana. Sarufi ya kitabu ndiyo hiyo ya majina: kusema kwamba hili ni jina, hiki ni kitenzi, hii ni ngeli ya KI-VI, huu ni wakati uliopita. Bila ile sarufi ya kwanza hapana mtu awezaye kuandika hata mstari mmoja. Mashaka yetu ni juu ya hii ya pili.

Hapa historia ya lugha yetu yatufundisha jambo. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake yangali yanasomwa, alifariki mwaka 1840. Lakini kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Ludwig Krapf kilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850, na kile cha Edward Steere kikatokea mwaka 1870. Basi washairi wale hawakuwahi kuona sarufi ya lugha yao katika kitabu. Huenda mtu akasema kwamba walisoma chuoni, na ya kuwa chuoni kulikuwa na elimu ya nahau. Ni kweli, lakini nahau ile ilikuwa ya Kiarabu, wala haikuwaambia neno juu ya ngeli za Kiswahili. Kanuni walizozishika kwa Kiswahili zilikuwa za vina na mizani, nazo walizipata kwa kusikiliza tungo nyingi, kuzihifadhi, na kutunga mbele ya watu wenye masikio makali.

Zaidi ya hayo, yafaa tukumbuke vitabu vile vya kwanza vilitungwa kwa ajili ya nani. Vilitungwa kwa ajili ya wageni, watu wazima waliofika pwani bila sikio la Kiswahili, ambao iliwalazimu kuingia katika lugha kwa mlango wa kanuni. Mwaka ule ule wa 1870 Steere alitoa pia kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Wasimulizi wale ndio waliokuwa walimu wake. Yeye alizitoa kanuni vinywani mwao. Kanuni zilifuata maneno, hazikuyatangulia. Nasi baadaye tulikichukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mgeni, tukampa mwenyeji, tukastaajabu kuona hakimzidishii ufasaha.

Huenda msomaji akataka ushahidi wa madarasa yenyewe, si wa washairi peke yao. Uko, ingawa sehemu kubwa umetoka katika shule zifundishazo Kiingereza. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake huko Marekani walikusanya uchunguzi uliokuwa umefanywa juu ya uandishi wa wanafunzi, wakasema ya kuwa sarufi ifundishwayo peke yake ina faida ndogo sana katika kuandika, na huweza hata kudhuru kwa sababu hula nafasi ya mazoezi ya kuandika. Katika New Zealand, W. B. Elley na wenzake waliwafuata wanafunzi wapatao 250 kwa miaka mitatu. Baadhi walifundishwa sarufi ya mtindo mpya, baadhi sarufi ya mtindo wa zamani, na wengine hawakufundishwa sarufi, bali walisoma na kuandika zaidi. Taarifa yao ilitoka mwaka 1976: katika kuandika, makundi hayo hayakupitana kwa jambo lililo kubwa. Uingereza nako, tangu mwaka 2013 watoto wamalizao shule ya msingi wamekuwa na mtihani wa sarufi; lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na Dominic Wyse na wenzake, juu ya watoto wa miaka sita na saba, haukuona kwamba mafunzo ya sarufi yaliyojaribiwa yaliwaongezea uwezo wa kuandika hadithi.

Lakini tusikimbilie kutupa vitabu. Steve Graham na Dolores Perin, mwaka 2007, walipima njia nyingi za kufundisha uandishi. Sarufi ya kukaririwa haikufaa, bali zoezi la kuunganisha sentensi fupi ziwe moja lilifaa. Na Debra Myhill na wenzake wa Exeter, mwaka 2012, walionyesha ya kuwa sarufi ikifundishwa ndani ya kazi ya kuandika, ili mwanafunzi aone vile namna fulani ya sentensi ifanyavyo kazi katika habari anayoiandika, huleta faida, hasa kwa wale walio hodari tayari. Kwa hiyo kinachoshindwa ni sarufi iliyo mbali na kalamu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa na tumrudie kijana wetu. Tulimwomba aweke daftari chini, atusimulie kwa mdomo safari ile ile. Akasema: “Tulikwenda kwa bibi, gari ikakwama kwenye matope, tukashuka, tukasukuma, hata giza likaingia. Tulipofika tukamkuta bibi amesimama njiani na taa, anatungoja.” Tazama mambo aliyoyafanya pasipo kujua. Alianza kwa -li-, kisha akafuatisha -ka-, kama wasimulizi wa Kiswahili wote wafanyavyo, maana -ka- hushika tendo na kulifungamanisha na lile lililotangulia. Alitumia -po- kuonyesha wakati, na “hata” kuonyesha ukomo. Bibi naye, aliyekosekana kabisa katika insha, sasa amesimama njiani na taa mkononi. Alipoandika alikuwa amekata kila tendo peke yake kwa -li-, kwa sababu hivyo ndivyo sentensi zilivyo katika mazoezi ya sarufi: moja moja, kila moja na nambari yake, haina mama wala ndugu.

Mtoto huyu hakupungukiwa na sarufi. Alipungukiwa na ruhusa ya kuileta shuleni sarufi aliyo nayo.

Katika masimulizi yake lilikuwamo kosa moja la kitabu: alisema “gari ikakwama”, na katika Kiswahili sanifu ni “gari likakwama”. Hapa ndipo elimu ya ngeli ipatapo kazi yake. Alipokwisha kuandika habari yote, mwalimu alimwonyesha neno hilo moja, akamwuliza, “Wasema magari yamekwama, basi likiwa moja?” Kijana akalirekebisha mwenyewe. Kanuni ile ilimjia wakati alipoihitaji, juu ya gari lake mwenyewe, nasi twadhani haitamtoka upesi.

Lakini wenzetu walio bara watatuuliza, na haki yao kuuliza: “Mtoto wa Unguja anyonye Kiswahili kwa mamaye, je, wetu, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili?” Jambo hili lataka uangalifu. Mtoto ambaye lugha ya kwao ni ya Kibantu tayari ana ngeli kichwani, ila ni ngeli za kwao. Katika lugha nyingi za bara wadogo hutajwa kwa ka- na tu-. Naye asemapo “katoto” asidhaniwe mjinga, maana afuata sheria, ila si sheria ya Kiswahili sanifu. Kadhalika asemapo “mbwa yangu imekufa”, huenda amefuata desturi ya kwao, ambako mnyama hufuata ngeli ya jina lake, hali Kiswahili humweka mnyama pamoja na watu: “mbwa wangu amekufa”. Mtoto wa Kijaluo ana shida nyingine, maana lugha yake haina ngeli kabisa. Upatanisho wote kwake ni mgeni.

Watoto hawa wahitaji msaada mwingi zaidi, na mwalimu asiyejua sarufi hataweza kuwapa. Lakini msaada wenyewe ni wa namna gani? Twaona si orodha ya majina ya ngeli. Ni sentensi nyingi zilizo sahihi, zenye maana, zisikiwe na kusemwa na kusomwa hata sikio lizizoee: “Mbwa wangu amepotea, mbwa wako yuko wapi?” Mwalimu akilinganisha wazi, “Kwenu mwasema hivi, katika Kiswahili twasema hivi”, mtoto hufahamu upesi, wala haoni haya kwa ajili ya lugha ya mama yake.

Liko pia jambo ambalo sikio haliwezi kumfundisha mtoto ye yote, wa pwani wala wa bara, nalo ni desturi za maandishi. Sikio halisikii nafasi iliyo kati ya maneno. Ndiyo maana twaona “ni na kwenda”, “ali po fika”, na kwa upande wa pili “kwasababu”. Hapa sarufi kidogo yafaa sana. Mtoto akionyeshwa kwamba ni-, -na- na -kwenda ni viungo vya mwili mmoja, hatavitenganisha tena. Akionyeshwa kwamba “kwa” na “sababu” ni maneno mawili, ataacha nafasi kati yake. Herufi kubwa, nukta na mkato navyo hufundishwa waziwazi, maana havisikiki.

Basi, kwa mwalimu aliyetuletea madaftari, na kwa wenzake, twajibu hivi.

Kwanza, kila insha itanguliwe na masimulizi ya mdomo. Mtoto amweleze mwenziwe, kisha aandike aliyoyaeleza.

Pili, watoto wasomewe kwa sauti na wasome habari zilizoandikwa vema, maana hapana mtu atoaye kisimani maji yasiyomo.

Tatu, mazoezi ya kuunganisha yachukue mahali pa mazoezi ya kutaja majina. Wape sentensi tatu: “Mvua ilinyesha. Mto ulifurika. Hatukuvuka.” Mmoja ataandika, “Mvua ilinyesha, mto ukafurika, tusiweze kuvuka.” Mwingine, “Hatukuvuka, kwa kuwa mto ulifurika baada ya mvua kunyesha.” Kisha waulizwe: ya kwanza yatuongoza wapi, na ya pili yaanza na nini? Hiyo ni sarufi, na ni ya hali ya juu, ingawa hapana jina gumu lililotajwa.

Nne, katika kusahihisha, mwalimu achague kosa moja au mawili yaliyo makubwa, ayafundishe vema, na mengine ayangoje. Tena aandike neno moja juu ya habari yenyewe, ili mtoto ajue ya kuwa amesomwa, si kuhukumiwa tu.

Tano, majina ya sarufi yafundishwe, lakini machache, na baada ya mtoto kukijua kitu chenyewe kwa matumizi. Jina la kitu husaidia kukizungumza, halikizai.

Mwisho twasema ya kuwa sarufi ni ya mwalimu kwanza, kisha ya mtoto. Mwalimu aijue kwa ukamilifu, ili aone kosa limetoka wapi na kulinyosha kwa upole. Asiyeijua atafuta “mbwa yangu” bila kujua sababu, na mtoto atarudia vivyo hivyo kesho. Lakini aijuaye asidhani ya kuwa akiimimina yote katika kichwa cha mtoto, insha itatoka upande wa pili. Kijana yule aliandika upya habari ya safari yake, ukurasa mzima na nusu. Makosa yalikuwamo saba, ambapo insha yake ya kwanza haikuwa na hata moja. Mwalimu alipotuonyesha, hatukusita kumwambia ipi ni bora.