Shamba la Shule ni la Nani?

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Makada wengi wanaukumbuka waraka huo kwa neno moja tu, nalo ni kilimo. Wanafunzi walime, walimu walime, shule ijilishe. Kuusoma hivyo ni kuusoma nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye siasa. Waraka ulieleza kwamba elimu tuliyorithi kwa mkoloni ilimtenga mtoto na jamii yake. Ilimfundisha kuwa maarifa yote ya maana yamo vitabuni, na kwamba wazee wake walioshika jembe hawajui kitu. Wakati ule kiasi cha asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio waliopata nafasi za sekondari. Waliobaki, yaani karibu wote, walirudi vijijini wakiwa wageni: ukarani hawakuupata, na ukulima walikwisha kufundishwa kuudharau.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini mtoto kuujua udongo, mvua, wadudu na mimea kwa mikono yake mwenyewe ni jambo la kisiasa, na kwa nini mashamba mengi ya shule yalishindwa kulitimiza. Tunalileta sasa kwa sababu mbili. Kwanza, Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya Watanzania wanaishi mijini. Mtoto wa Manzese au Mbagala anaweza kumaliza shule ya msingi bila kupata kung'oa shina moja la muhogo. Pili, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeyapa mafunzo ya vitendo nafasi kubwa, na sekondari sasa ina mkondo wa amali. Majembe yatatolewa tena stoo. Hapana budi tuulize yatatolewa kwa siasa ipi.

KAZI NDIYO INAYOFUNDISHA

Marx, katika juzuu ya kwanza ya Kapitali iliyotoka 1867, alieleza kwamba kazi ni uhusiano kati ya mwanadamu na maumbile: mtu anayabadili maumbile yaliyo nje yake, na kwa kufanya hivyo anajibadili mwenyewe. Katika kitabu hicho hicho alisema kuwa elimu ya siku zijazo itaunganisha kazi ya uzalishaji mali na masomo, na akaonya kwamba kilimo cha kibepari humnyonya mfanyakazi na udongo kwa pamoja. Makada wetu huyataja maneno hayo mara nyingi kwenye semina. Mara chache huulizwa yana maana gani kwa mtoto wa miaka kumi aliyesimama kwenye tuta la maharage.

Maana yake ni hii. Mwambie mtoto ang'oe taratibu shina la mharage lililoanza kutoa maua, aoshe mizizi kwa maji. Ataona vifundo vidogo kama punje za ulezi. Akipasue kifundo kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni iliyo hewani na kuulisha mmea. Kikiwa cheupe au kijani, kazi haifanyiki, na hapo maswali yanaanza: ni udongo, ni mbegu, au ni maji yaliyotuama? Mtoto huyo akirudi nyumbani na kuona bibi yake amechanganya mahindi na maharage katika shamba moja, haoni tena ushamba. Bibi hakulijua neno bakteria, lakini matokeo yake aliyajua tangu zamani. Sayansi ya darasani na ujuzi wa bibi vimekutana kwenye mzizi mmoja, na ile kasumba ya kwamba wazee hawajui kitu imepata pigo ambalo hotuba haiwezi kulitoa.

Au tuchukue mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Basi mvua ya milimita 20, ambayo mtoto anaweza kuipima kwa mkebe wenye kuta zilizonyooka na rula, imemwaga lita 80,000 juu ya ekari hiyo kwa siku moja. Maji hayo yamekwenda wapi? Wapeleke watoto kwenye mtaro ulio chini ya shamba, wachote maji kwa chupa, waiache chupa itulie mpaka kesho. Tope litakalolala chini ni shamba lao linalohama. Hesabu, jiografia na sayansi zimefundishwa kwa mkebe mmoja na chupa moja, na hakuna aliyesubiri maabara kutoka wilayani.

Hata kamba ya kupandia ni somo. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, kila shimo lina eneo lake, na mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu kwamba ekari itachukua mashimo yapatayo 17,800. Kisha ahesabu mashina yaliyosimama kweli na kutafuta sababu ya pengo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016 na nchini kwetu mwaka uliofuata, mtoto anayejua kulitambua lile umbo la Y lililopinduliwa usoni mwa kiwavi ana faida kwa kijiji kizima.

JEMBE LA MKOLONI NA JEMBE LETU

Hapa ndugu wasomaji wanaweza kutuuliza: je, mkoloni naye hakufundisha kilimo mashuleni? Alifundisha. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa sera ya kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake. Wazazi wengi waliitilia shaka elimu hiyo, nao hawakukosea. Waliona kwamba mtoto wa mtawala hafundishwi kushika jembe, ila mtoto wa mtawaliwa tu, ili abaki alipo. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa watu wazima. Mwaka 1955 Waluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni milimani kwao, na upinzani huo ukafikia ghasia. Kukinga udongo ni jambo jema. Walichokataa ni amri ya mtu ambaye hakuwauliza, juu ya ardhi yao, kwa jasho lao.

Linganisha na Wamatengo wa Mbinga. Kwa vizazi vingi wamelima miteremko mikali kwa ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi kufanya miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya majani. Shimo linabaki kuzuia maji, na majani yanaoza chini ya tuta kuwa mbolea. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeuona mteremko wake, akaujaribu, akautawala. Tunaona kwamba mwanafunzi wa Ruvuma anayepelekwa kupima kina cha shimo la ngoro na kuchora mchoro wake daftarini anajifunza mengi kuliko yule anayenakili ubaoni aina tatu za mmomonyoko.

Mkoa huo huo ulikuwa na mfano mwingine. Kabla ya 1967, katika vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma karibu na Songea, shule ya Litowa iliwapokea watoto wa vijiji hivyo, wakalima na kufuga, na wakashiriki katika kuamua mambo ya shule yao. Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho Septemba 1969. Sababu za uamuzi ule zimejadiliwa kwingi na hatuzirudii hapa. Linalotuhusu ni kwamba Litowa ilionyesha jambo lililosisitizwa na waraka wa 1967, yaani wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba na waone matunda ya maamuzi yao. Lilipoondolewa hilo, jembe lilibaki peke yake.

Na jembe lilipobaki peke yake lilifanya kazi tunayoijua. Mtoto aliyechelewa namba alipelekwa shambani. Mtoto aliyepiga kelele alipimiwa hatua kumi za kulima huku wenzake watulivu wakiendelea na somo. Tafadhali tulitafakari hilo: shule iliyoitwa ya kujitegemea ilimfundisha mtoto kila wiki kwamba kulima ni adhabu na kukaa dawatini ni tuzo. Hakuna mkoloni aliyewahi kuifundisha kasumba hiyo vizuri zaidi. Mahali pengine mahindi yalivunwa, yakapimwa, na watoto hawakuyaona tena, wala hawakusomewa hesabu ya mauzo. Mtoto akauliza kimoyomoyo swali tulilolifanya kichwa cha makala haya, na jibu alilipata kwa macho yake. Mtu asiyejua mazao yanakwenda wapi hana sababu ya kuchunguza kwa nini yamepungua, na bila uchunguzi maumbile humwonyesha uchovu tu.

Kwa hiyo mambo yanayopasa kusimamiwa na matawi ya Chama na kamati za shule si mengi. Kulima kusiwe adhabu katika shule yoyote, kwa sababu yoyote. Daftari la shamba liandikwe na wanafunzi wenyewe: mvua, tarehe ya kupanda, wadudu, mavuno, mauzo. Daftari hilo lisomwe mbele ya baraza la shule, mwalimu mkuu akiwapo. Sehemu ya mavuno iliwe na watoto pale pale shuleni. Jembe lilingane na mwili wa mtoto, na dawa za kuulia wadudu asiziguse kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi ya kinyonyaji kwa watoto, na shamba la mwalimu linalolimwa na darasa zima linaingia humo, hata likiitwa somo la vitendo.

Shule za mjini zisizo na ardhi zisitafute kisingizio. Mchicha katika gunia la udongo huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na mzizi wa mchicha unaoshwa kwa maji kama mzizi mwingine.

Liko tatizo moja la kazi ambalo halizungumzwi sana. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma, Njombe na Mbeya, mahindi hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza na kukomaa mnamo Juni na Julai. Desemba shule zimefungwa, na Juni pia. Ratiba yetu ya masomo inamwondoa mtoto shambani katika majuma yale yale ya kupanda na kuvuna, ikamwachia palizi peke yake, na palizi ndiyo kazi yenye kuchosha kuliko zote. Shule inaweza kukubaliana na kaya za jirani ziangalie shamba wakati wa likizo kwa fungu la mavuno linalojulikana mapema. Au iachane na mahindi, ipande maharage mwishoni mwa Februari. Hayo yanachipua, yanatoa maua na kukauka kabla ya likizo ya Juni, watoto wakiwapo tangu mbegu hadi gunia, na gunia hilo linapimwa mbele yao siku chache kabla ya kufunga shule.