Rauta moja, njia mbili: kwa nini wa chumba cha nyuma analia

Bumu likishaingia, nyumba nyingi za wanafunzi wanaopanga huku Changanyikeni, Msewe na Sinza hukaa kikao cha kuchangia intaneti. Watu watano mnatoa hela sawa, fundi anakuja, rauta inafungwa sebuleni, taa zinawaka. Wiki ya pili ugomvi unaanza. Wa chumba cha mbele anaangalia muvi bila kukwama, wa chumba cha nyuma hata kupakia asaimenti kwenye tovuti ya chuo ni kazi. Analaumiwa mtoa huduma, au yule mwana anayejulikana kwa kushusha masizoni usiku kucha. Kisha mtu anasema: tuongeze hela, tuchukue kifurushi kikubwa.

Kabla hamjaongeza hiyo hela, nisikilizeni kidogo. Naandika kama mkazi wa chumba cha nyuma, kwa hiyo nina maslahi.

Rauta nyingi zinazofungwa siku hizi ni za bendi mbili. Maana yake ndani ya hilo boksi kuna redio mbili, moja inarusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5. Intaneti inayoingia ni ile ile moja, ila kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako inaweza kupita njia yoyote kati ya hizo mbili, na kila njia ina tabia yake.

Wimbi la 2.4 ni refu, kama sentimita 12 hivi. La 5 ni kama nusu yake. Likikutana na ukuta wa tofali za saruji, la 2.4 linapenya vizuri zaidi. La 5 hufifia haraka, na baada ya kuta mbili tatu linaweza lisifike kabisa. Zege la ghorofani, tangi la maji na kabati la chuma huzuia mawimbi yote, lakini la 5 ndilo linaloumia zaidi.

Basi si wote tutumie 2.4? Hapana, maana njia hiyo ni nyembamba na ina msongamano. Bendi nzima ya 2.4 ina upana wa megahezi 80 na kitu. Humo ndani, chaneli zinazoweza kukaa bila kuingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Sasa hesabu rauta za majirani wanaobanana hapo mtaani, halafu ongeza vifaa vya blututhi, na hata mikrowevu ya mama mwenye nyumba, maana nayo hupashia chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45. Wote hao wanagombea njia moja. Kwenye gigahezi 5 kuna chaneli nyingi zaidi, na chaneli moja tu inaweza kupewa upana wa megahezi 80, karibu sawa na bendi nzima ya 2.4. Ndiyo maana ukiwa karibu na rauta, 5 inakimbia sana.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja. Ukiona jina la waifai limeishia na "5G", usidhani ni ule mtandao wa simu wa 5G unaotangazwa kwenye mabango. Ule ni kizazi cha tano cha mitandao ya simu. Hii ya rauta ni gigahezi 5 tu, na haibadilishi chochote kwenye kifurushi mlicholipia. Mtu asiwauzie rauta kwa bei ya juu kwa sababu ya herufi hizo.

Sasa tuje kwenye haki. Kwenye waifai, vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana zamu. Simu iliyo mbali, yenye mawimbi hafifu, huongea polepole, kwa hiyo zamu yake inakuwa ndefu na wengine wote kwenye bendi hiyo wanasubiri. Kwa maana hiyo, shida ya chumba cha nyuma ni shida ya nyumba nzima. Walio karibu na rauta wakihamia 5, wanapata spidi yao bila kubughudhiwa, na 2.4 inabaki na nafasi kwa walio mbali ambao hawana njia nyingine. Hakuna anayepoteza.

Kufanya hivyo ni rahisi. Nyuma ya rauta kuna kibandiko chenye anwani ya kuingilia kwenye mipangilio pamoja na neno la siri. Rauta nyingi huja na jina moja kwa bendi zote, simu inajichagulia. Tenganisha majina, moja la 2.4 na moja la 5, kisha kubalianeni nani anakaa wapi. Kwetu vyumba viwili vya mbele na TV vilihamia 5. Sisi wa nyuma tukabaki 2.4, pamoja na printa na simu moja ya zamani isiyoijua 5 kabisa. Rauta tukaitoa nyuma ya TV, tukaipandisha juu ya kabati la mbao kwenye korido, katikati ya nyumba. Hela iliyotumika ni sifuri.

Lakini tusidanganyane, bendi haziongezi intaneti. Kama mmelipia megabiti 10 kwa sekunde, mtagawana hizo hizo 10. Kwa hiyo pimeni kwanza. Chagueni muda ambao hakuna anayeshusha kitu, simameni hatua mbili kutoka kwenye rauta mkiwa kwenye 5, mpime spidi. Halafu nendeni chumba cha mwisho mpime tena, kwa 5 na kwa 2.4. Kama pale kwenye rauta mnapata mlicholipia na chumbani hampati, tatizo lipo kwenye kuta na mpangilio wenu, na kifurushi kikubwa hakitalitibu. Kama hata pale kwenye rauta hali ni mbaya, hapo mpigieni mtoa huduma, na mna vipimo vya kumwonyesha.

Wiki ya mitihani ikikaribia, kila mtu atakuwa anahitaji kupakua slaidi na kutuma kazi kabla ya saa sita usiku. Aliyechangia sawa na wenzake anastahili naye atume. Fanyeni vipimo mapema, kabla ya kikao kijacho cha michango.