Kujichubua na Ukuta wa Ngozi: Namna Unavyobomoka na Namna Unavyojijenga Upya

Tabaka la nje kabisa la ngozi ya binadamu, ambalo wataalamu huliita tabaka la pembe kwa sababu limejaa keratini, yaani protini ileile inayojenga kucha na nywele, lina unene wa takriban mikromita 10 hadi 20 tu katika sehemu nyingi za mwili, hivyo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ni tabaka hilo, hata hivyo, linalouwezesha mwili kukaa juani na katika hewa kavu bila kunyauka, na ndilo linalozuia vijidudu na kemikali visizifikie seli hai zilizo chini yake. Mtafiti wa Marekani, Peter Elias, aliulinganisha muundo wake na ukuta wa matofali: matofali ni seli bapa zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya aina tatu, ambayo ni seramidi, inayochukua karibu nusu ya uzito wote, kolesteroli na asidi za mafuta. Udongo huo hauletwi na kipodozi chochote, bali hutengenezwa na seli hai zenyewe, ambazo huumwaga katikati ya seli jirani zinapopanda kuelekea juu, katika safari ambayo kwa kawaida huchukua wiki 4 hivi tangu seli izaliwe hadi ipukutike.

Kitenzi kuchubua, kabla hakijahusishwa na urembo, kilimaanisha kuambua ngozi kwa kuikwaruza, kama linavyochubuka goti la mtoto aliyeanguka, na maana hiyo ya asili ndiyo inayoeleza kwa usahihi zaidi kinachompata anayejipaka mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu na losheni unaokusudiwa kuifanya ngozi iwe nyeupe. Mikorogo mingi huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, au hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka ya rangi ya buluu iliyokolea yasiyoondoka kirahisi. Na ingawa Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo viwili, bidhaa za namna hiyo bado huuzwa. Kiambato cha tatu, ambacho watu wengi hawakijui kwa jina, ni steroidi kali kama klobetasoli.

Steroidi ya kupaka ni dawa yenye manufaa makubwa pale daktari anapoiandika kwa ajili ya pumu ya ngozi, na haifai kuogopwa inapotumiwa kwa kipimo na kwa muda uliopangwa. Inapopakwa usoni na mwilini kila siku kwa miezi, huzipunguzia seli hai uwezo wa kutengeneza yale mafuta matatu na wakati huohuo huzizuia zisigawanyike ipasavyo, kiasi kwamba ukuta hukosa udongo na matofali kwa pamoja. Ngozi hung'aa kwa sababu imekonda, mishipa midogo ya damu huonekana kwa juu, michirizi hutokea mapajani na kwapani, na fangasi huenea kimyakimya kwa kuwa kinga ya mahali hapo imelazwa. Mtumiaji anapoacha, uso huwaka na kuwasha, naye huamini kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimtibu, akairudia. Huo si udhaifu wa tabia, na wahudumu wa afya wanaomkaripia mgonjwa wa namna hii humfukuza kwenye msaada pekee anaoweza kuupata.

Kwa kuwa ukuta hujijenga wenyewe, matunzo yake kwa sehemu kubwa ni kuondoa vinavyoubomoa. Krimu zote za kuchubua huachwa, isipokuwa kwamba aliyepaka steroidi sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu hapaswi kukatisha ghafla bila daktari, maana dawa iliyopenya hadi kwenye damu huenda imezizoesha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kutotengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha. Dodoki, jiwe la kusugulia na sabuni ya mche huwekwa kando. Sababu ya kuiepuka sabuni hiyo ni kwamba ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kati ya pH 4.5 na 5.5, ambayo vimeng'enya vinavyounda seramidi huihitaji, ilhali sabuni nyingi za namna hiyo zina pH ya 9 au zaidi. Maji ya ndimu, ambayo husifiwa mno mitaani, hukutana na mwanga wa jua yakaunguza.

Kinachofaa kuongezwa ni kidogo na si cha gharama. Mafuta ya mgando, yaliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1872, yakipakwa mara baada ya kuoga wakati ngozi ingali na unyevu, huyazuia maji yasitoroke wala hayakwamishi ukarabati unaoendelea chini yake. Mafuta ya alizeti, zao linalolimwa sana Singida na Dodoma, yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kuunda seramidi zake. Na katika utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko wasiopakwa. Mafuta ya zeituni, yenye asidi ya oleiki kwa wingi, yameonekana kuulegeza ukuta huo badala ya kuukaza.

Mkwaruzo mdogo huzibika kwa siku chache, lakini ngozi iliyokondeshwa na steroidi huhitaji wiki nyingi na mara nyingine miezi, na michirizi yaweza kubaki. Katika kipindi hicho rangi ya asili hurudi kwa mabaka, jambo linalowavunja wengi moyo, ingawa kofia pana au mtandio juani hupunguza tofauti hiyo. Anayekwenda kliniki ya ngozi abebe kopo la mkorogo wenyewe, hata kama halina lebo, kwa sababu daktari asiyejua kilichopakwa anaweza kudhani anaona chunusi au mzio wa kawaida, akaandika steroidi nyingine.