Laini Moja, Majina Manne

Mfanyabiashara wa Garissa aliyenunua laini ya 0733 enzi za Kencell na akaitunza mpaka leo amehudumiwa na kampuni yenye majina manne, bila yeye kubadilisha hata tarakimu moja ya namba yake. Kencell ikawa Celtel, Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Kila jina lilipobadilika, vibanda vilipakwa rangi upya na kadi za kukwaruza zikaja na nembo nyingine. Nyuma ya kila rangi palikuwa na mwenye mali mpya: Wafaransa pamoja na tajiri wa Nairobi, kisha kampuni ya Msudani yenye makao Uholanzi, kisha Wakuwaiti, na mwisho Wahindi wa New Delhi. Mabilioni ya dola yalibadilishana mikono. Mtu wa Garissa, Wajir au Mandera alikuwa na maswali mawili tu: mtandao utafika kwetu lini, na dakika moja ni shilingi ngapi?

Maswali hayo yana uzito wake. Kaunti hizo tatu za Kaskazini Mashariki zina eneo la takriban kilomita za mraba 127,000, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya Kenya nzima. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera, wengi wao wakiwa wafugaji. Mfugaji anahitaji habari upesi: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, ng'ombe wana bei gani sokoni Garissa kabla hajaanza kuwaswaga kwa siku kadhaa.

Kabla ya simu za mkononi, habari hizo zilipitia redio ya kutuma na kupokea. Wasomali waliiita taar, na katika miaka ya 1990 ilikuwa mshipa wa mawasiliano ya kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa kuanzia 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Mwenye mashine alimwita mwenzake wa Mogadishu au Kismayo, yule wa upande wa pili akamtuma kijana kwenda kumtafuta jamaa, kisha pande zote mbili zikakutana hewani kwa saa iliyopangwa. Siri haikuwepo. Ugonjwa, deni, posa na msiba vyote vilisikiwa na yeyote aliyekuwa kwenye masafa yaleyale. Simu ya waya ya Shirika la Posta na Simu ilikuwa ya ofisi za serikali na maduka machache ya mjini. Shirika hilo lilianzisha simu za mkononi mwaka 1993, lakini kifaa kimoja kiligharimu karibu shilingi 250,000, na kufikia 1999 nchi nzima ilikuwa na wateja wasiozidi 20,000.

Mwaka 1999 shirika liligawanywa, ikazaliwa Telkom Kenya na pia tume ya kusimamia mawasiliano. Leseni za simu za mkononi zilitolewa kwa dola milioni 55 kila moja. Safaricom, iliyoanza kama idara ya shirika hilo la zamani, ilimpata Vodafone wa Uingereza kuwa mshirika. Kencell ilikuwa ya Vivendi ya Ufaransa kwa asilimia 60, na asilimia 40 ilishikwa na Sameer, kundi la kampuni za Naushad Merali. Ilifungua milango Agosti 2000, miezi michache kabla ya mpinzani wake kuanza upya.

Kilichoipeleka simu mikononi mwa mtu wa kawaida ni malipo ya kabla. Ankara ya mwisho wa mwezi inataka mteja awe na anwani ya posta, mshahara na akaunti ya benki, na mfugaji wa Modogashe hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kadi ya kukwaruza haikumuuliza lolote. Unalipa dukani, unakwangua kwa ukucha ule utando wa rangi ya fedha, unaingiza namba, unaongea mpaka kredo iishe. Kredo ikiisha bado unapokea simu, na ndiyo maana watu wengi waliishi kwa kupigiwa. Kampuni nayo ilipata fedha kabla haijatoa huduma, wala haikuwa na mdeni wa kumfukuza. Kila mwenye mali aliyefuata aliinunua hasa kwa ajili ya wateja wa namna hiyo: wengi, wadogo, wasiodaiwa.

Kencell, hata hivyo, iliteleza mapema. Ilitoza kwa dakika nzima, ikilenga zaidi makampuni na watu wenye uwezo. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Kwa anayepiga simu kusema tu lori limefika, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Akiongea sekunde 15 huku analipa sekunde 15, anabaki na salio la kupiga tena, ilhali wa Kencell amekwisha kulipia dakika. Kampuni iliyotangulia ikajikuta nyuma, na haijawahi kurudi mbele tangu hapo.

Mauzo ya kwanza yangali yanasimuliwa Nairobi hadi leo. Mwaka 2004 Vivendi ilitaka kuondoka, na MTN ya Afrika Kusini ilikuwa tayari kununua asilimia 60 zake. Merali, kama mbia, alikuwa na haki ya kupewa nafasi ya kwanza. Akaitumia, akazinunua hisa hizo kwa dola milioni 230 na papo hapo akaziuza kwa Celtel kwa dola milioni 250. Faida ya dola milioni 20 ilipatikana kwa muda ambao mtu angeutumia kunywa chai, na asilimia 40 zake hazikuguswa. Biashara ile ilikuwa halali na ya werevu mkubwa. Lakini haikusimamisha mnara hata mmoja.

Celtel ilikuwa ya Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyeamini Afrika ina soko la simu wakati benki nyingi za Ulaya zilipokuwa zikisita. Chini ya mwaka mmoja baada ya kuingia Kenya, Celtel yenyewe ikauzwa: MTC ya Kuwait iliinunua mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Jina lilibaki, na mteja wa kawaida huenda hakujua chochote. Alichokijua ni kilichotokea Septemba 2006, Celtel ilipoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, laini moja ikatumika nchi zote tatu bila gharama za kuvuka mpaka. Wafanyabiashara wa Namanga na Busia walishangilia.

Kwa Kaskazini Mashariki mpaka wenye watu ni mwingine. Kutoka Mandera mjini mtu hutembea kwa miguu hadi Bula Hawa, upande wa Somalia, na Suftu ya Ethiopia iko ng'ambo ya Mto Daua. Kutoka Liboi, Dhobley ni hapo jirani. Celtel haikuwa na kampuni Somalia wala Ethiopia, kwa hiyo mtandao uliosifiwa kuwa hauna mipaka ulikomea pale ambapo ndugu wa Mandera walianzia. Watu wa mpakani walijitafutia dawa yao: laini ya Kenya kwenye simu moja, laini ya Somalia kwenye nyingine.

Mwaka 2008 jina likawa Zain, kufuata jina jipya la kampuni mama ya Kuwait. Wakati huo ushindani ulikuwa umehamia kwenye fedha. Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa Machi 2007, na Zain ilijibu kwa huduma iitwayo Zap mapema 2009. Lakini huduma ya kutuma pesa hupata thamani kwa wingi wa walio ndani yake. Mtu hatumi pesa mahali ambapo mpokeaji hana wakala. Mawakala wa M-Pesa kwa miaka mingi walifungwa na mkataba wa kutomhudumia mwingine, na kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2014 tu. Kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulianza 2018. Mji wenye maduka mengi kama Garissa uliweza kubeba mawakala wa kampuni mbili. Kituo kidogo kama Kotulo au Dif chenye duka moja linalouza kredo kina wakala wa yule mwenye wateja wengi, basi.

Kisha wakaja Wahindi. Juni 2010 Bharti Airtel ya Sunil Mittal ilikamilisha ununuzi wa mali za Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Mwezi Agosti, kabla hata jina halijabadilishwa, kishindo kikasikika. Tume ya mawasiliano ilipunguza ada ambayo mtandao mmoja humlipa mwingine kwa kupokea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Siku hizohizo Zain ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote, na ujumbe mfupi kwa shilingi 1. Wapinzani wote walilazimika kufuata. Hii ndiyo mara moja katika historia hii yote ambapo uamuzi uliofanywa mbali uligusa mfuko wa kila mtu kwa siku moja, pamoja na wale ambao hawakuwa wateja wa kampuni hiyo. Dalali wa mifugo wa Garissa anayeuliza bei Nairobi mara tano asubuhi moja, kabla ya kupakia mbuzi kwenye lori, alinufaika bila kubadilisha laini.

Tangu hapo Airtel imeendelea kukua kwa kununua na kwa kuuza. Ilichukua wateja wa mtandao wa yu mwaka 2014, mwenye mtandao huo, Essar ya India, aliposhindwa na soko, huku Safaricom ikichukua minara yake. Ilijaribu kuungana na Telkom mwaka 2019, mpango ukafa Agosti 2020. Minara yake yenyewe iliiuzia Eaton Towers, ambayo nayo baadaye ilinunuliwa na American Tower ya Marekani. Ndiyo kusema jina lililo kwenye kadi na chuma kilichosimama kilimani si lazima viwe na mwenyewe mmoja.

Na mnara ndio kiini cha mambo. Mnara wa Nairobi unahudumia maelfu ya watu ndani ya kilomita moja, umeme upo, barabara ipo. Mnara wa ndani ya Wajir unaweza kuhudumia kijiji kimoja na visima vitatu. Miji ya Wajir na Mandera haikuunganishwa na gridi ya taifa kwa miaka mingi, na nje ya miji mnara huishi kwa jenereta au sola, dizeli ikifikishwa kwa lori kwenye njia zinazokatika mvua inaponyesha. Hesabu ya mwekezaji yeyote, Mfaransa au Mhindi, hutoa jibu lilelile: kajenge kwingine kwanza. Kwa sababu hiyo sheria ilianzisha mfuko wa huduma kwa wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, ili minara isimamishwe mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Safaricom na Telkom ndizo zilizopewa kazi ya awali ya kujenga kwa fedha hizo.

Kinachojengwa hakiachwi kwa amani. Wanamgambo wa Al-Shabaab wameilipua minara ya Garissa, Wajir na Mandera mara kwa mara, kwa kuwa kijiji kisicho na simu hakiwezi kuwaita polisi. Januari 2020 huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, waliwaua walimu watatu, wakashambulia kituo cha polisi na mnara wa simu usiku uleule. Kila mnara unapoanguka, fundi anahitaji ulinzi ili aurekebishe, na wakati huo wote mgonjwa, mwalimu na mfugaji wako kimya. Huu ni uonevu mkubwa kwa watu ambao ndio kwanza wameanza kufikiwa.

Kuna kizuizi kingine kisichohusu chuma. Laini ambazo hazikuandikishwa kufikia mwisho wa Desemba 2012 zilizimwa, na uandikishaji ulirudiwa mwaka 2022. Kujiandikisha kunataka kitambulisho, na kwa vijana wa Kaskazini Mashariki kitambulisho kilikuwa na mlango wa ziada: kamati ya kuwachuja, iliyowadai ushahidi wa uraia ambao kijana wa Nyeri hakudaiwa. Maelfu ya Wakenya walioandikishwa kambini Dadaab utotoni, wakati wa ukame, ili wapate chakula, walikuta alama zao za vidole zikiwahesabu kuwa wakimbizi. Bila kitambulisho mtu hana laini kwa jina lake, wala akaunti ya pesa. Anatumia ya mjomba, na mjomba akikosana naye fedha zimekwenda. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kwamba uchujaji huo umefutwa.

Airtel Africa, ambayo hisa zake zinauzwa London na Lagos tangu 2019, ilitangaza Mei 2025 makubaliano na SpaceX ya kutumia setilaiti za Starlink kwa kazi mbalimbali, ikiwemo ya kuunganisha minara ya vijijini. Mpango kama huo ukifika Kaskazini Mashariki, mnara wa mbali utaweza kutuma mawasiliano yake moja kwa moja angani, bila mlolongo wa minara mingine nyuma yake ambayo mmoja ukilipuliwa yote inanyamaza. Bado utahitaji sola inayotosha usiku kucha, fundi anayekaa karibu, na mtu wa kuulinda.