Mlango wa Gari si Mgongo wa Punda

Je, umewahi kuliona gari ambalo ni nyumba? Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutia samani za namna hii katika magari ya Volkswagen mwaka wa 1951, na leo magari kama hayo yamezagaa duniani. Mengine hupitia kwetu Nanyuki yakielekea kaskazini.

Shida yao kubwa ni nafasi. Nyumba ya magurudumu haina stoo. Viatu vyenye matope, ndoo, kamba na viti vya kukunja vyote hugombania mahali pa kulala. Ndiyo maana wengi hufunga sanduku nje, kwenye milango ya nyuma inayofunguka kando kama ya kabati.

Likizo moja nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, gari kama hilo lilipoingia. Mzee mmoja Mjerumani na mkewe walikuwa wametoka Loiyangalani. Sanduku lao lilikuwa limelazwa kitandani, na mlango wa nyuma una matundu manne yaliyoraruka kama karatasi. Kumbe sanduku lilikuwa limeng'oka gari likienda! Bahati yao, nyuma hapakuwa na bodaboda.

Mimi nikaona kazi ni nyepesi. "Mjomba, si tutie tu skrubu nene zaidi?"

Akacheka. "Kijana, hebu tazama vizuri. Kilichoachia ni nini?"

Nikatazama. Lo! Skrubu zilikuwa nzima kabisa. Bati ndilo lililoraruka.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la Fizikia kuhusu nyenzo. Tuseme sanduku na vitu vyake lina kilo 40, na katikati ya uzito huo iko sentimita 20 nje ya mlango. Zidisha, utapata 800. Ikiwa safu ya juu ya skrubu na ya chini zimeachana kwa sentimita 40, gawanya 800 kwa 40. Yaani skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20, hata gari likiwa limesimama. Kwenye barabara ya mawe, kila mtikiso huongeza nguvu hiyo, tena mara maelfu. Na bati la mlango unene wake haufiki hata milimita 1!

Basi mjomba akafanya hivi. Kwanza, alichomelea fremu ya mabomba ya mraba inayokaribia urefu wa mlango, ili uzito usambae. Pili, upande wa bawaba aliifunga fremu kwa bolti za bawaba zenyewe, baada ya kuweka ndefu na imara zaidi, kwa sababu bawaba zimeshikwa na nguzo ya bodi. Tatu, upande wa pili alitoboa mlango, akaweka bamba la chuma kwa ndani ili bolti zisiling'ate bati peke yake. Kila tundu alilipaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka na mpira wa kuzuia maji. Mwisho akahakikisha kwamba taa na kibao cha nambari havikufichwa, maana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina mchezo.

Jioni yule mzee akaleta mtungi wa gesi na madebe mawili ya petroli. "Fundi, tia humu." Mjomba akakataa. Akaeleza kwamba gari likigongwa nyuma, sanduku ndilo la kwanza kubondwa. Tena uzito ukizidi nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hausikii vizuri. Mzee akakasirika, akasema atatafuta fundi mwingine. Mimi moyo ulinidunda, kwani hatukuwa tumelipwa hata senti. Mjomba akajibu kwa upole, "Mzee, afadhali nikose pesa kuliko nisikie umeungua njiani."

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza. Wakakubaliana: sandukuni viatu, kamba, viti na ndoo, jumla isizidi kilo 20. Tulilijaza mawe ya kilo 40, tukazunguka nalo barabara mbovu, kisha tukakagua kila bolti kwa spana. Hakuna iliyolegea. Tukalipwa.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika gari, ndugu msomaji, Mnyamwezi ni chasisi na nguzo za bodi. Mlango kazi yake ni kufunga. Ukitaka ubebe, uupatie kwanza wa kuusaidia.