Umetuma bei ya kupanda Kilimanjaro, mteja kimya? Angalia upande wa spamu

Mteja wa Ujerumani anajaza fomu kwenye tovuti ya kampuni ndogo ya utalii Moshi mjini: watu 4, njia ya Machame, siku 7, mwezi Januari. Ndani ya saa moja kampuni inamjibu kwa barua pepe. Bei, ratiba ya kila siku, picha za kambi, kila kitu kipo. Baada ya hapo, kimya. Wiki inapita, anafuatiliwa tena, kimya.

Wengi husema basi, kapata bei nafuu kwingine. Inawezekana. Ila kuna sababu nyingine ambayo kampuni nyingi haziichunguzi: barua hakuiona kabisa. Iliangukia kwenye folda ya spamu, na Gmail hufuta vilivyomo humo baada ya siku 30. Aliyetuma haambiwi chochote. Kwake inasoma imeenda.

Kwa Moshi hili si jambo dogo. Mteja wa mlima hapiti mtaani akaingia ofisini. Yuko mbali, anaandikia kampuni tatu nne kwa mpigo, kisha anachagua kati ya zile zilizomjibu. Safari ya watu 4 ikipotea hivyo, wanaokosa ni pamoja na waongozaji, wapishi na wapagazi waliokuwa wanasubiri kuitwa.

Mashine inashuku nini?

Barua taka ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Inayotajwa kuwa ya kwanza ilitumwa Mei 3, 1978 na Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, kwa mamia ya watu waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET nchini Marekani. Zilipozidi, kampuni za barua pepe zikaweka vichujio.

Kichujio hakijui kama una leseni ya utalii. Kinapima dalili: nani ametuma, kutoka seva ipi, ameandika nini, na waliowahi kupokea barua zake walizifanyia nini.

Sasa itazame barua ya kawaida ya kampuni ya Kilimanjaro kwa macho ya mashine. Imetoka kwa mtu ambaye mpokeaji hajawahi kuwasiliana naye. Inataja maelfu ya dola. Inaomba malipo ya awali kwenye akaunti ya benki ya nchi nyingine. Ina viungo vingi na kiambatisho kizito. Yote halali, lakini tapeli naye anaandika hivyo hivyo.

Halafu kuna majirani. Kampuni ndogo nyingi hulipia huduma nafuu ya kuhifadhi tovuti, ambapo tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja na kutumia anwani moja ya intaneti. Mmoja wao akimwaga barua taka, anwani hiyo inaweza kuingia kwenye orodha nyeusi kama za Spamhaus, na wote mnaadhibiwa. Wewe hata humjui.

Kibali cha getini

Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vitu vitatu kwenye domeini yake. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaothibitisha barua haijachezewa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua inayotumia jina lako bila kupita ukaguzi huo. Ukipenda, fikiria geti la Marangu: bila kibali hupandi, hata kama wewe ni mtu mwema kiasi gani. Mei 2025 Outlook nao walifuata na masharti yanayofanana.

Utasema, barua 5,000 kwa siku nazitoa wapi? Kweli. Lakini hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, na malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kati ya 1,000 wanaobonyeza "hii ni taka". Ukiwa na jarida la watu 200, mtu mmoja tu akichukia umeshafika asilimia 0.5.

Na hapa lawama si za Google peke yake. Kampuni inayonunua orodha ya anwani za watu, au inayorundika wageni wote wa miaka 10 iliyopita kwenye CC kuwapa ofa ya Krismasi, inajichimbia yenyewe. Mgeni akikosa pa kujitoa anabonyeza spamu, ni rahisi zaidi. Akifanya hivyo anaziharibia njia hata barua za bei kwa wateja wapya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo.

Cha kufanya hakina gharama kubwa. Rekodi zile tatu huwekwa na fundi wa tovuti yako kwenye mipangilio ya domeini, bila kununua kitu kipya. Jarida na ofa zitoke kwenye anwani ya pembeni, zisichanganywe na zile za bei. Jibu la kwanza liwe fupi: mtaje mteja kwa jina, jibu alichouliza, akaunti ya benki na PDF vije baadaye. Kwenye fomu omba namba ya WhatsApp, na akishatuma mwambie aangalie spamu.

(Tangu Agosti 2022 TTCL wamefikisha intaneti Horombo, mita 3,720. Mgeni anasoma barua pepe akiwa mlimani, wakati ile ya kumleta ilikuwa nusura ikwame.)

Kujua uko wapi, tuma barua kutoka anwani ya kampuni kwenda Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu pembeni, chagua kuonyesha barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC. Mbele ya kila moja panatakiwa pasomeke PASS. Isiposomeka hivyo, mpigie fundi leo, kabla ya wateja wa Januari hawajaanza kuulizia.