Ushanga wa koko: mbele ya kuuza, uliza kwanza

Katika nyumba nyingi za huku kwetu, ushanga wa zamani unalala ndani ya sanduku. Koko alishakufa, watoto hawajui maana yake. Siku moja mnunuzi anapita, anatoa franga kidogo, anaenda nao. Yeye anajua kitu ambacho wenye nyumba hawajui.

Shanga nyingi za vioo hazikutengenezwa huku. Zilitoka Venise, inchi ya Italia, na Bohemia, ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Meli zilizifikisha Zanzibar, kisha misafara ikazibeba mpaka Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika kufika Kasongo na Nyangwe. Zilikuwa feza: mutu alizilipia chakula, pembe za ndovu, na hata watumwa. Kwenye soko la Ujiji walitumia zile ziitwazo sofi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika pale mwaka 1858, aliandika kama ushanga mwekundu, samesame, uliitwa pia kimaliza chakula, juu mutu alikubali kutoa chakula chake ili aupate.

Namna gani utaujua? Plastiki ni nyepesi, kioo ni kizito na baridi mkononi. Chungulia tundu la samesame: inje ni nyekundu, ndani ni nyeupe. Lakini hiyo peke yake haitoshi, juu hata leo wanatengeneza zinazofanana. Angalia tena kama tundu limelika na uzi, na kama punje hazilingani. Usizijaribu na moto, utaziharibu.

Usikate uzi pia. Mupango wa rangi unaweza kuwa na maana. Kwa Waluba, wenye kutunza historia walisoma habari za wafalme kwenye lukasa, ubao wenye shanga. Ukitoa shanga pale, umefuta maneno.

Kwa hiyo, wandugu, mbele ya kuuza, mukae na wazee. Nani aliuvaa? Siku ya ndoa ao ya kutawazwa? Muandike majina kwenye daftari na mupige picha. Hata wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaheshimu zaidi ushanga wenye historia inayojulikana. Mukiamua kuuza, ni haki yenu. Lakini feza itaisha mwezi huu, na jina la koko, kama halikuandikwa, litaenda na mnunuzi bila yeye kulijua.